Uthabiti wa Mawe katika Hodhi la Maji ya Chumvi

Katika miji ya Minneapolis na Saint Paul, ambayo mto Mississippi umeipitia na ambayo iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari yoyote, wamo watu wafugao samaki wa bahari majumbani mwao, katika mahodhi ya kioo yaliyojazwa maji waliyoyakoleza chumvi kwa mikono yao wenyewe. Na kila mmoja wao, awe mzaliwa wa huko au mhamiaji aliyeiacha Mombasa, Lamu au Unguja, shurti akabiliwe na swali ambalo halina budi kujibiwa kabla ya samaki wa kwanza kutiwa majini: kwa njia gani mawe yaliyopangwa ndani ya hodhi yatakaa mahali pake, miezi na miaka, bila kuyumba wala kuporomoka?

Mtu asiyepata kulifikiri jambo hili aweza kulidharau, kwa kuwa jiwe ni kitu kizito na desturi ya kitu kizito ni kutulia. Lakini anayejua yaliyomo ndani ya hodhi hawezi kulidharau hata kidogo. Jiwe moja likiteleza kutoka juu ya jingine laweza kuvunja mrija wa kioo wa chombo cha kupashia maji moto, na umeme ukapenya majini. Laweza kumponda kiumbe aliyejificha chini yake, likavunja matawi ya tumbawe yaliyokuzwa kwa miaka, likachora ukuta wa kioo kwa kovu lisilofutika, au, katika msiba ulio mkubwa kuliko yote, likaupasua ule ukuta wenyewe, na lita mia tatu za maji ya chumvi zikamwagika juu ya sakafu ya mbao ya nyumba ambayo aghalabu si mali ya mwenye hodhi. Na hayo yote yakitukia usiku wa Januari, wakati baridi ya nje imeshuka nyuzi nyingi chini ya sifuri, hakuna pwani ya kukimbilia kuchota maji mengine.

Mawe hayo hayawekwi kwa pambo tu. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta, aliujulisha ulimwengu wa wafugaji samaki mtindo wake wa kuyatia katika hodhi mawe yaliyotolewa baharini pamoja na uhai wote uliomo ndani yake, na baadaye wafugaji wa Berlin wakauendeleza mtindo huo mpaka ukaenea kila mahali. Sababu yake ni kwamba katika matundu madogo ya mawe ya namna hiyo hukaa vijidudu ambavyo huigeuza amonia, sumu itokayo katika kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, ikawa naitriti na kisha naitreti, ambayo madhara yake ni haba. Kwa hiyo jiwe katika hodhi la bahari ndilo nyumba ya samaki, ndilo shamba la matumbawe, na ndilo chujio la maji. Likianguka, mambo matatu yameanguka pamoja nalo, na tope lililokuwa limetua chini yake, ambalo pengine limechacha na kuzaa hewa yenye harufu ya mayai viza, hutifuka na kuyachafua maji yote kwa mara moja.

Ni haki kusema kwamba tatizo hili ni la nyumbani zaidi kuliko la majumba ya maonyesho. Huko Bloomington, kusini ya Minneapolis, chini ya jengo kubwa la maduka liitwalo Mall of America, tangu mwaka 1996 pana hodhi la maonyesho ambamo wageni hupita katika njia iliyozungukwa na maji pande zote huku papa wakiogelea juu ya vichwa vyao. Na huko Apple Valley, katika bustani ya wanyama ya jimbo la Minnesota, wapo pia samaki wa miamba ya nchi za joto. Katika mahodhi makubwa ya namna hiyo miamba aghalabu hutengenezwa kwa saruji na malighafi nyingine, ikafungamanishwa na jengo kabla tone la kwanza la maji halijaingia. Mtu wa nyumbani hana anasa hiyo. Yeye hununua mawe moja moja, hubadili nia mara kwa mara, na mara nyingi hutambua kwamba jiwe lake limelegea wakati hodhi limekwisha jaa maji na uhai.

Sababu ya kwanza ya kulegea huko ni kanuni ya zamani ya maumbile, nayo ni kwamba kila kitu kilichozama hupunguziwa uzito ulio sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa mahali pake. Madini ya aragoniti, ambayo ndiyo mwili wa tumbawe, yana uzito wa takriban gramu 2.9 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na maji ya bahari yana gramu 1.025, basi jiwe kavu lililopimwa kilo 5 juu ya mizani, likizama na matundu yake yakajaa maji, hubaki na kilo 3 na kidogo tu, maana theluthi moja na zaidi ya uzito wake imechukuliwa na maji. Msuguano unaolizuia jiwe lisiteleze juu ya jiwe lenzake hupungua kwa kadiri hiyo hiyo, ilhali nguvu ya pampu inayolisukuma haipungui, wala haipungui nguvu ya samaki ajisuguaye ubavuni mwake. Ndiyo maana rundo lililosimama imara juu ya meza ya jikoni huanza kutikisika mara linapozamishwa. Na fundi mwenye busara hulijaribu rundo lake likiwa bado kavu, akilisukuma kwa nguvu kuliko atakavyolisukuma kiumbe yeyote wa hodhini, na likitikisika kidogo tu hulibomoa na kuanza upya.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni mchanga. Hapa mji wa Minneapolis unao ushahidi wake wenyewe, ulioandikwa katika historia yake kwa gharama kubwa, na sioni mfano ulio bora kuliko huo kwa mtu yeyote atakaye kujua namna mawe yanavyoanguka chini ya maji.

Katikati ya mji huo yapo maporomoko ya maji ambayo Wadakota huyaita Owámniyomni, na ambayo padri Louis Hennepin, alipoyaona mwaka 1680, aliyapa jina la Mtakatifu Anthony. Maporomoko hayo yalisimama juu ya tabaka la jiwe la chokaa, jiwe gumu lililofanyika katika bahari ya kina kifupi iliyolifunika eneo hilo yapata miaka milioni 450 iliyopita, na ambalo mpaka leo lina mabaki ya viumbe wa bahari hiyo. Na chini ya jiwe hilo lipo tabaka la mchanga mweupe ulioshikana kidogo sana, hata mtu aweza kuufikicha kwa vidole. Maji yaliyoanguka yalikuwa yakiukomba mchanga huo kutoka chini, jiwe la juu likabaki likining'inia bila nguzo, kisha likakatika kwa uzito wake lenyewe. Na kwa namna hiyo, kwa maelfu ya miaka, maporomoko yalirudi nyuma hatua kwa hatua kutoka upande wa Saint Paul mpaka yalipokutwa na watu waliotaka kujenga vinu vya kukatia mbao na kusagia ngano.

Watu hao waliuharakisha msiba. William Eastman na washirika wake, waliokuwa na mali katika kisiwa cha Nicollet, walichimba njia ya maji chini ya lile jiwe, ndani ya mchanga, ili wapate nguvu ya kuendeshea vinu. Na katika mwezi wa Oktoba 1869 mto ulitoboa ukaingia katika njia hiyo, ukaanza kuuzoa mchanga kwa kasi ya kutisha. Wenyeji wa mji walitoka kwa wingi wakatupa mawe, magogo na kila kitu kizito walichoweza kukisukuma ndani ya kizingia kilichofunguka, na kila walichotupa kilikaa kitambo kidogo kisha kikachukuliwa, kwa sababu walikuwa wakitia uzito juu ya kitu kinachotoweka chini. Jambo halikutulia mpaka wahandisi wa jeshi la Marekani walipojenga, kati ya mwaka 1874 na 1876, ukuta wa zege chini ya jiwe la chokaa, kutoka ng'ambo hii ya mto hata ng'ambo ya pili, ulioshuka futi 40 hivi ndani ya mchanga ili kuyazuia maji yasipenye. Na juu yake wakakamilisha mwaka 1880 sakafu ya mbao ya kuyatelemsha maji pole pole, sakafu ambayo katika miaka ya 1950 iliondolewa ikawekwa ya zege.

Yaliyotukia mtoni hutukia hodhini kwa kipimo kidogo, na kwa sababu ile ile. Mfugaji mgeni hutandaza mchanga kwanza, kwa kuwa macho yake yamezoea kuuona mchanga chini na mwamba juu, kisha huweka mawe juu ya mchanga, na kwa juma moja au mawili hufurahi. Baadaye huja samaki wadogo wachimbao, huja kamba wale wapasuao maji kwa kishindo cha gando lao, ambao hukaa shimo moja na samaki hao na kuzoa changarawe mchana kutwa, huja na mkondo wa pampu uliopinda ukagonga mahali pasipotarajiwa. Mchanga ukaondoka chini ya pembe moja ya jiwe la msingi, na jengo zima likainama. Gundi iliyo juu, hata ingekuwa bora kuliko zote, haina la kufanya hapo, kwani itakachofanya ni kuliangusha jengo zima kwa pamoja badala ya jiwe moja moja. Dawa yake ni mawe ya msingi kukaa juu ya sakafu ya hodhi yenyewe, na mchanga umiminwe baadaye kuyazunguka. Na kwa kuwa ncha kali ya jiwe ikikaa juu ya kioo hukusanya uzito wote mahali padogo, hutangulizwa chini yake wavu mgumu wa plastiki, wa namna ile iwekwayo chini ya taa za ofisi, au bapa la plastiki, ili uzito utawanyike.

Msingi una msingi wake pia, nao ni sakafu ya nyumba. Hodhi la lita 300 pamoja na mawe yake, mchanga wake na kabati lake hupita kilo 400 bila shida, na nyumba nyingi za zamani za Minneapolis na Saint Paul zina sakafu za mbao ambazo hutikisika watoto wanapokimbia. Mzee wa pwani ajuaye kwamba vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja vilifanywa vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazikuweza kuvuka nafasi pana, atafahamu upesi kwa nini hodhi liwekwe karibu na ukuta, likizikatiza boriti za sakafu badala ya kufuata njia ya moja tu. Wengine huteremsha hodhi mpaka chumba kilicho chini ya ardhi, ambako sakafu ni zege tupu, na kwa habari ya uthabiti hakuna mahali bora zaidi. Baridi ya huko wakati wa kipupwe ni shauri jingine.

Msingi ukiisha kuwa thabiti, lafuata shauri la kupanga, na katika hili sanaa ya waashi wetu yafaa kukumbukwa. Waliojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa na nyumba za Gedi walitumia mawe ya matumbawe yasiyo na umbo la kawaida, wakayatia chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo. Na tumbawe laini walilitoa baharini likiwa bichi, wakalichonga kwa ajili ya mihrabu na vizingiti kabla halijakauka na kuwa gumu. Kuta hizo zimesimama kwa sababu mwashi alitafuta kwanza tumbo la jiwe na mgongo wake, akalilaza kwa upande wake mpana, akalifunga kwa jiwe jingine lililolala juu ya maungo mawili. Chokaa ikaja kujaza nafasi zilizobaki. Hodhini pia jiwe lolote lipewe mahali patatu pa kukalia, kwa sababu kitu chenye miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa si sawa. Mawe mazito yakae chini na mepesi juu. Na jengo liachwe wazi, likiwa na mapango na madirisha ya kupita maji, likae mbali na vioo kwa kadiri ya upana wa mkono wa mtu, ili kioo kisafishwe na tope lisijikusanye. Ule mtindo wa zamani wa kujenga ukuta wa mawe ulioegemea kioo cha nyuma, pamoja na ile hesabu ya kununua mawe kwa ratili kwa kila galoni, naona uachwe kabisa: uliwafanya watu kurundika mawe mengi kuliko waliyoweza kuyasimamisha.

Sasa tuitazame gundi, kwa kuwa ndiyo watu wengi huitafuta mwanzo kabla ya kuyatafuta yaliyotangulia. Saint Paul ni mji wenye nasaba na gundi: kampuni ya 3M, iliyoanzishwa mwaka 1902 huko Two Harbors kwa nia ya kuchimba jiwe la kunolea ambalo baadaye lilionekana kuwa siyo lile lililodhaniwa, ilihamia Saint Paul mwaka 1910, na kutoka hapo ikasambaza ulimwenguni kote utepe wa kunata na gundi za kila namna. Lakini gundi mbili zitumiwazo zaidi hodhini tabia zake hupatana na maji kwa njia mbili tofauti, na asiyeijua tofauti hiyo hulalamika kwamba gundi zote ni bure.

Ya kwanza ni ile ambayo kila duka la rejareja la Afrika Mashariki huiuza kwa jina la supaglu, na jina lake la kikemia ni sayanoakrilati. Aliyeigundua ni Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak, akaiona haifai kwa kuwa ilishika kila kitu, na haikuuzwa mpaka 1958. Gundi hii hukazwa na unyevu wenyewe. Ndiyo maana majini haikatai kufanya kazi, bali huifanya upesi mno: mara inapoguswa na maji hujifunika ngozi ngumu juu, na ndani yake ikabaki majimaji, na ngozi hiyo haishiki tena kitu. Basi huchaguliwa ile nzito iliyo kama ute mzito, si ile nyepesi itiririkayo. Jiwe hupakwa fungu nene, huzamishwa bila kukawia, na likiisha kugusana na lenzake huzungushwa kidogo huku likikandamizwa, ili ngozi ile ipasuke na gundi mbichi ifikie jiwe la pili. Ikiisha kukauka haina madhara kwa samaki wala matumbawe, na kwa kuwa huvunjika upesi inaposukumwa kutoka ubavuni, yafaa kwa vipande vidogo vya matumbawe kuliko mawe makubwa.

Ya pili ni epoksi ya kukanda, ambayo huuzwa kama kijiti chenye rangi mbili, moja nje na moja ndani. Hukandwa kwa vidole vilivyovikwa glavu mpaka rangi zote mbili zimekuwa moja, na hapo huanza kupata joto kidogo na kukaza, majini au nje ya maji, kwa dakika chache au saa chache kufuatana na namna yake. Wengi hudhani kwamba hii ndiyo gundi yenye nguvu kuliko zote kwa sababu huwa ngumu kama jiwe. Walakini haishiki vizuri juu ya jiwe lililolowa, na nguvu yake hutoka katika umbo lake, kwa kuwa ikishindiliwa ndani ya matundu na mianya hugeuka kuwa kigingi kilichoumbwa kwa kipimo cha tundu lile. Mtu akiibandika juu ya uso laini wa jiwe, kesho ataikuta sakafuni ikiwa nzima. Kwa hiyo mafundi wenye uzoefu huziunganisha gundi zote mbili: huweka supaglu nzito upande mmoja wa donge la epoksi na upande wa pili, kisha hulikandamiza kati ya mawe mawili, supaglu hushika uso, epoksi hujaza nafasi, na kila moja hufanya ile kazi ambayo mwenzake haiwezi. Katika siku hiyo chombo kisafishacho maji kwa kutoa povu hufurika mara nyingi, na ni heri kizimwe kwa saa kadhaa.

Lakini kabla ya gundi yoyote yapo mambo yanayoamua kama itashika. Jiwe lililokaa hodhini mwezi mmoja huwa limevikwa utando wa vijidudu na mwani uliolegea, na gundi hushika utando, si jiwe. Basi mahali pa kugusana pasuguliwe kwa burashi ngumu mpaka jiwe lenyewe lionekane. Kama jiwe laweza kutolewa, litolewe, lifutwe kwa kitambaa mahali pale tu, lipakwe na kurudishwa. Muda mfupi nje ya maji, likiwa bado lina unyevu, hauliui. Pampu zizimwe wakati wa kazi, na jiwe lishikwe au liegemezwe mpaka gundi ikaze, kwa maana mtikiso mdogo katika dakika zile huharibu yote. Vyombo vya umeme vichomolewe kabla mkono haujaingia majini. Mwenye kidonda mkononi asiingize mkono bila glavu, kwani viko vijidudu vya mahodhini viletavyo vidonda vya ngozi visivyopona upesi. Na ole wake amwagaye maji ya moto juu ya mawe au kuyachemsha ili kuyasafisha, kwa sababu baadhi ya viumbe laini vinavyoota juu yake vina sumu iitwayo palitoksini, na watu wameugua vibaya kwa kuvuta mvuke wake ndani ya nyumba zao. Tahadhari hii ya mwisho nimeiweka hapa kwa kusudi, kwa kuwa katika majira ya baridi madirisha ya Minnesota hufungwa kwa miezi, na mvuke hauna pa kutokea.

Silikoni, ambayo hujenga hodhi lenyewe, haifai kwa mawe yaliyozama, maana huhitaji uso mkavu na muda wa siku nzima au zaidi hewani. Saruji hukaza chini ya maji, ile ya kuziba nyufa hata kwa dakika chache, na hushika vema. Lakini huachia chokaa kali ambayo huupandisha ukali wa maji kupita kiasi cha uhai, na kwa hiyo jengo la saruji hufanywa nje, likalowekwa kwa majuma kadhaa katika maji yabadilishwayo mara kwa mara. Katika miji hii maji ya mfereji, yatokayo mtoni, hulainishwa kwa chokaa na kutiwa kloramini. Kwa kulowekea yatosha, lakini kabla jengo halijaingia hodhini lisuuzwe kwa maji yaliyosafishwa.

Kwa mawe makubwa mimi naipendelea zaidi njia isiyoitegemea gundi: kutoboa. Mawe mawili hutobolewa kwa keekee yenye ncha ya kutobolea ukuta, nje ya maji na mbali nayo, kisha fimbo ya plastiki au ya nyuzi za kioo, unene wa kidole au pungufu, huingizwa katika matundu yote mawili, na gundi kidogo huwekwa ili mawe yasizunguke. Fimbo hiyo hubeba ule msukumo wa ubavuni ambao gundi haiwezi kuuvumilia, na kwa njia hiyo matao na ngazi zisizowezekana kwa kurundika huwezekana. Wengine hufunga mawe kwa vifungo vya nailoni, au kwa mshipi wa kuvulia, wakaificha ncha ndani ya mwanya. Hilo ni jambo jema, ila tu chuma kisitumiwe hata kikisifiwa kwamba hakipati kutu, na shaba isikaribie hodhi, kwa kuwa huua kamba, konokono na matumbawe kwa kiasi kidogo mno.

Nimesema viumbe huangusha mawe. Yafaa pia kusema kwamba wao ndio watakaoyashikamanisha mwishowe. Upo mwani mwekundu wenye chokaa, ambao huenea juu ya mawe kama rangi ya waridi na zambarau, na ambao baharini ndio saruji ya miamba: hutambaa juu ya vipande vya matumbawe yaliyokufa, huziba mianya yake, huviunganisha na kuvifanya jabali moja. Hodhini pia, maji yakiwa na kalisi ya kutosha, mwani huo huanza kuunga mawe baada ya miezi, sponji na matumbawe yatambaayo yakiusaidia, na baada ya miaka miwili au mitatu mtu hushangaa kuona mawe aliyoyaweka yakiwa mbali mbali yamekuwa kitu kimoja. Sharti lake ni moja tu: mawe yasitikisike. Mwani huo hauwezi kuunga vitu vinavyosuguana, kwa kuwa kila usiku hukwanguliwa ulichokijenga mchana.

Ushahidi wa jambo hili umetoka mahali palipo na huzuni. Katika Hifadhi ya Komodo, huko Indonesia, ambako wavuvi walilipua miamba kwa baruti, mtaalamu Helen Fox na wenzake waliona kwamba vifusi vya matumbawe yaliyovunjika havikupona hata pale ambapo mabuu ya matumbawe yaliletwa kwa wingi na mkondo. Kila tumbawe changa lililotua lilizikwa au kusagwa na vipande vilivyobiringishwa na mawimbi. Wakajaribu kutandaza nyavu juu ya vifusi, wakajaribu vipande vya saruji, wakajaribu marundo ya mawe makubwa. Na marundo ya mawe, yaliyotulia kwa uzito na mpango wake tu, ndiyo yaliyofanikiwa kuliko vyote. Baruti hiyo hiyo imeharibu miamba ya Tanzania kutoka Tanga hata Mtwara kwa miaka mingi, na joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi sana ya Bahari ya Hindi ya magharibi, yakaacha mifupa ambayo baadaye ilivunjika ikawa kifusi. Leo huko Mkwiro, katika kisiwa cha Wasini upande wa Kwale, watu wanazamisha majengo yaliyotengenezwa kwa mikono na kupanda juu yake vipande vya matumbawe, na shughuli yao ya kila siku haitofautiani na ya mfugaji wa Minneapolis isipokuwa kwa ukubwa wake: kulituliza kwanza lililo chini, ndipo kupanda. Nawaheshimu sana watu hao, na natamani kwamba kila mfugaji wa Marekani anunuaye tumbawe lililotoka katika bahari zetu angejua kazi yao.

Limebaki shauri moja, nalo lapingana kidogo na hamu ya mtu aliyekwisha kupata gundi iliyo nzuri. Katika miji hii wapangaji huhama, vioo huvuja, magonjwa ya samaki huja ambayo hayatibiki mpaka samaki avuliwe atolewe, na samaki aliyejificha ndani ya mawe havuliki ila mawe yaondolewe. Mtu aliyeyaunga mawe yake yote kuwa jabali moja atalazimika kulivunja kwa tindo ndani ya hodhi, akiuweka kioo hatarini. Kwa hiyo jengo ligawanywe tangu mwanzo katika visehemu viwili au vitatu, kila kisehemu kikiwa kimeungwa imara ndani yake kwa fimbo na gundi, kikisimama juu ya sakafu ya hodhi kwa miguu yake chenyewe bila kukitegemea cha jirani, na upana wake upimwe kwa utepe usizidi nafasi iliyo wazi kati ya mbavu za juu za hodhi, mikono miwili ya mwenye kukishika ikiwa imehesabiwa ndani ya kipimo hicho.